Ngome ya Shobak: somo la ahadi katika njia ya Hijazi



Safari hii darasa letu la historia linahusu ngome ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia. Inaitwa Shobak, nayo iko kusini mwa Jordan, kilomita 200 hivi kutoka Amman. Watalii wanaokwenda kusini hukimbilia Petra, ule mji uliochongwa kwenye mwamba, na mabasi yao hayasimami njiani. Mimi nilifika Shobak nilipokuwa Jordan kwa masomo ya Kiarabu ya likizo. Tulikuwa wanafunzi wanne, tukachangiana nauli ya teksi. Kwa muda wote tuliokaa pale hatukuona mgeni mwingine ila mchungaji na mbuzi wake chini ya kilima.

Kilima chenyewe kimesimama peke yake kama kichuguu kikubwa, cheupe kwa mawe ya chokaa, na bonde limekizunguka. Watu wa huko wanalima matunda, hasa matufaha. Juu kuna kuta zilizobomoka nusu, matao ya kanisa, ukumbi wa jumba lililojengwa na watawala wa ukoo wa Ayyub, na minara yenye mistari mirefu ya Kiarabu iliyochongwa kwa nje. Tulijaribu kuisoma. Mwenzetu mmoja wa Zanzibar alitushinda sote, akalitambua jina la Sultani Lajin wa Mamaluki, aliyeikarabati ngome katika miaka ya 690 Hijria. Halafu kuna ngazi. Ndani ya ngome kuna tundu linaloingia chini ya mwamba, na ndani yake ngazi zaidi ya 350 zinazoteremka gizani hadi kwenye maji. Tulishuka kwa mwanga wa simu, tukishika ukuta, maana zimelika na zinateleza. Nilihesabu hadi themanini nikaacha, nikawa namwomba Allah tu anifikishe. Ngazi hizo ziwekeni akilini, tutazihitaji mbele.

Aliyeijenga hakuwa Muislamu. Ni Baldwin wa Kwanza, mfalme wa Wanamsalaba waliokuwa wameiteka Quds mwaka 1099. Mwaka 1115 (509 Hijria) alivuka kusini, akajenga hapa na kupaita Mlima wa Mfalme. Kwa nini aje mbali hivyo, ukingoni mwa jangwa? William wa Tyre, mwanahistoria wao, anaisifu ardhi yake kwa nafaka, zabibu na mafuta. Lakini jibu kubwa ni njia. Pwani yote ya Sham ilikuwa ikiangukia mikononi mwa Wanamsalaba. Msafara wa kutoka Misri kwenda Dameski ulibaki na njia za upande huu, na mahujaji wa Sham walioelekea Makka na Madina nao walipita pande hizi hizi. Aliyekaa Shobak aliwaona wote. Akitaka huwatoza ushuru, akitaka huwazuia.

Sisi wa Uganda hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mafuta ya gari, ngano ya chapati, hata karatasi zinazochapisha gazeti hili, vingi vinapanda kutoka Mombasa kupitia Malaba, au kutoka Dar es Salaam. Wazazi wetu wanakumbuka Januari ya 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipoiziba njia: petroli ikaadimika Kampala na Kigali, na bei ikapanda. Nchi isiyo na bahari inajua thamani ya njia iliyo mkononi mwa mwingine.

Kuna tukio moja linaloonyesha uzito wa ngome hii, nalo hulisikii katika mihadhara yetu. Mwaka 1219, zaidi ya miaka thelathini tangu Salahuddin aikomboe Quds, Wanamsalaba waliuzingira mji wa Damietta, Misri. Sultani al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin, akawapa pendekezo: ondokeni Misri, nami nitawarudishia Quds na nchi iliyo magharibi ya mto Jordan. Akaziondoa ngome mbili tu, Karak na Shobak, na hata kwa hizo alikuwa tayari kulipa fedha kila mwaka ili zibaki kwake. Wakakataa, na baadaye wakaondoka Misri mikono mitupu. Unaweza kumlaumu al-Kamil upendavyo, na wanachuoni wengi wa zama zake walimlaumu mwaka 1229 alipoitoa Quds kweli kwa mkataba. Lakini tazama hesabu yake. Quds ikitoka, aliona inaweza kurudi siku moja. Shobak na Karak zikitoka, Misri na Sham zimekatwa vipande viwili, na njia ya Hijazi iko chini ya macho ya adui.

Sasa, watu walipitaje katika njia hiyo kwa miaka sabini na kitu ambayo ngome ilikuwa mikononi mwa Wanamsalaba? Walipita kwa mapatano. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, alikuwa Dameski mwaka 1184 (580 Hijria), wakati uleule ambao Salahuddin aliizingira Karak. Anaeleza kwa mshangao kwamba majeshi yalikuwa yakipigana huku misafara ikiendelea kwenda na kurudi kati ya Misri na Dameski kupitia nchi ya Wanamsalaba. Mfanyabiashara Muislamu alilipa ushuru wake kwao akapita salama, na mfanyabiashara Mkristo alilipa ushuru wake kwa Waislamu akapita salama. Wapiganaji wana vita vyao, raia wana usalama wao. Yeye mwenyewe alitoka Dameski na msafara wa wafanyabiashara hadi Akka iliyokuwa chini ya Wanamsalaba, akapanda meli kurudi kwao.

Katika fiqhi hali hii ina majina. Suluhu ya kusimamisha vita kwa muda huitwa hudna. Usalama anaopewa mtu wa upande wa pili, hata mmoja, huitwa aman. Msomaji wa Kiswahili ameshaliona neno: amani, amana na imani zimetoka katika mzizi mmoja. Mtu aliyepewa aman damu yake na mali yake zimekuwa amana mikononi mwa aliyempa.

Aliyeuvunja utaratibu huo alikuwa bwana wa Karak na Shobak mwenyewe, Renaud de Châtillon, ambaye Waarabu walimwita Arnat. Aliupata utawala huo kwa kumwoa mjane mwenye urithi. Mwaka 1181 aliingia jangwani kuelekea Tayma, njia ya Hijazi. Mwishoni mwa 1182 akapeleka jahazi za vita Bahari ya Sham, zikachoma vyombo na kuteka mahujaji, hadi kikosi kikashuka pwani kuelekea Madina. Husamuddin Lu'lu', amiri wa baharini wa Misri, aliwafuata na kuwamaliza. Ibn Jubayr aliwaona baadhi ya mateka hao wakiingizwa Iskandaria juu ya ngamia, wamegeuzwa nyuso nyuma.

Hata baada ya hayo Salahuddin alifunga nao suluhu mwaka 1185. Mwishoni mwa 1186 au mwanzoni mwa 1187, suluhu ikiwa bado hai, Arnat akauvamia msafara mkubwa uliotoka Misri kwenda Dameski. Salahuddin hakukimbilia upanga. Alituma watu kudai mateka na mali, akamtaka Arnat arudishe. Alikataa. Mfalme wake, Guy, naye akamtaka arudishe, akamkatalia mfalme wake pia. Hapo ndipo yakaja ya Hattin, Rabiul-Akhir 583, yaani Julai 1187.

Wengi tunakijua kisa cha hemani baada ya Hattin. Salahuddin alimpa Mfalme Guy maji ya baridi, Guy akampitishia Arnat, na Salahuddin akatamka wazi kwamba si yeye aliyemnywesha huyo. Katika mihadhara huwa tunalisimulia hili kama ukali wa shujaa. Ibn Shaddad, kadhi aliyeishi na Salahuddin na kuandika maisha yake, anatupa maana yake: ilikuwa desturi njema ya Waarabu kwamba mateka akila au kunywa kwa aliyemteka, ameshapata amani. Kwa hiyo Salahuddin hakutaka tendo lake lifasiriwe kuwa ahadi. Hata kwa mtu aliyekuwa ameapa kumuua, alijali kwamba kikombe cha maji kisije kikawa neno alilolitoa kisha akalivunja.

Tusimfanye malaika. Siku mbili baada ya vita hivyo aliamuru wauawe wapiganaji wa jumuiya mbili za kijeshi za Wanamsalaba waliokamatwa Hattin, wapatao mia mbili hivi, na historia haikulificha hilo. Ninachotaka tukione ni pale alipokuwa ametoa neno.

Rajab ya mwaka huohuo Quds ikafunguliwa kwa mkataba. Shobak haikufunguka. Zingatia zile ngazi: watu wa ndani walikuwa na maji ambayo hakuna jeshi la nje lililoweza kuwazuilia. Kilima ni cha mteremko mkali, mitambo ya kurushia mawe haisogei karibu. Hivyo jeshi la Waislamu likakaa chini, likangoja. Karak iliangushwa na njaa Ramadhani 584, yaani Novemba 1188. Shobak ikadumu hadi 1189, karibu miaka miwili baada ya Hattin. Hawakushindwa kwa upanga. Chakula kiliisha, wakaomba aman, wakapewa, wakaondoka salama kwenda miji iliyobaki ya wenzao. Simulizi za upande wao wenyewe zinaeleza kwamba katika mzingiro wa Karak watu walifikia kuwauza wake na watoto kwa mabedui ili wapate chakula, na kwamba baada ya ngome kusalimu amri Salahuddin aliwatafuta, akawanunua, akawarudisha kwa waume na baba zao. Hao ni watu wa ngome iliyokuwa ya Arnat. Angeweza kusema mwenye nyumba alivunja suluhu, basi wote hawana suluhu.

Hakusema hivyo kwa sababu alikuwa na makadhi pembeni yake, na makadhi wana hoja zilizotangulia. Nitaje mbili.

Ya kwanza ni ya zama za Umar bin al-Khattab (R.A.). Jeshi la Waislamu liliizingira ngome moja ya Uajemi. Siku moja walipoondoka kupumzika, mtumwa mmoja aliyekuwa jeshini akabaki nyuma. Watu wa ngome wakazungumza naye, naye akawaandikia aman, akaifunga kwenye mshale, akawarushia. Waislamu waliporudi wakakuta watu wametoka nje bila silaha. Wakauliza: kuna nini? Wakajibiwa: mmeshatupa amani. Majemadari wakasema huyu ni mtumwa, hana mamlaka. Wenye ngome wakasema: sisi hatumjui mtumwa wenu wala muungwana wenu. Mambo yakaandikwa kwa Umar. Jibu lake lilikuwa kwamba mtumwa wa Waislamu ni miongoni mwa Waislamu, na dhima yake ni dhima yao. Aman ikapita. Jeshi zima likafungwa na kipande cha maandishi kilichorushwa na mtu wa chini kabisa kati yao. Na msingi wake ni wa Mtume (S.A.W.), aliyefundisha kwamba dhima ya Waislamu ni moja na hata aliye chini yao anaweza kuitoa, na aliyeipitisha aman aliyotoa Umm Hani siku ya kufunguliwa Makka, wakati ndugu yake mwenyewe Ali (R.A.) alikuwa hajaridhika.

Ya pili imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Muawiya (R.A.) alikuwa na mkataba wa muda na Warumi. Muda ulipokaribia kuisha akaanza kusogeza jeshi kwenye mpaka, ili siku ya mwisho ikipita tu awashtukize. Kwa karatasi hakuvunja kitu. Akatokea mtu juu ya mnyama akipaza sauti kwamba ni kutimiza, si kusaliti. Alikuwa Amr bin Abasa, Sahaba. Akamkumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.): mwenye mkataba na watu asiufungue wala asiukaze mpaka muda wake uishe, au awarudishie waziwazi ili pande zote mbili zijue sawasawa. Muawiya akageuza jeshi akarudi. Hilo la kurudisha waziwazi limo katika Suratul-Anfal: hata unapohofia hiana kwa watu, huna ruhusa ya kuwafanyia hiana kimyakimya.

Wanachuoni wa fiqhi wakajenga juu ya hayo mlango mzima. Ibn Qudama katika al-Mughni, na as-Sarakhsi wa madhehebu ya Hanafi, wanakubaliana katika suala linalotugusa: Muislamu aliyeingia nchi ya wasio Waislamu kwa aman, hata kama ni nchi yenye uadui, haramu kwake kuwahini katika mali zao. Wao wamemruhusu kuingia kwa sharti, hata kama halikutamkwa, kwamba hatawahini. Uadui wao hauifuti ahadi yake.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Katika mabweni yetu kuna maneno yanazunguka, na wakati mwingine yanasemwa na ndugu mwenye ndevu nzuri na sauti nzuri ya Qur'ani. Kwamba mkopo wa elimu ukiweza kuukwepa ukwepe, si mali ya Waislamu. Kwamba kunakili kazi ya mtu na kutia saini kuwa ni yako si tatizo, maana chuo si cha Kiislamu na mfumo wenyewe ni wa kikafiri. Kwamba ukipata viza ya masomo ng'ambo, ukifika potea mjini. Tunapewa chumba cha mihadhara kwa swala ya Ijumaa kwa sharti tukiache saa nane na nusu, na bado wapo wanaoona fahari kukaa hadi saa tisa huku wanafunzi wa kipindi kinachofuata wamesimama mlangoni.

Ndugu yangu, kila saini uliyoweka katika fomu hizo ni ule mshale wa mtumwa. Umeurusha, wamekuamini, wametoka nje bila silaha. Wakikuuliza kesho, watakuuliza kwa jina la Uislamu wako, na wala si wewe peke yako utakayeulizwa. Muislamu wa mwaka ujao atakayeomba chumba cha swala, au dada atakayekwenda kuomba ruhusa ya kufanya mtihani siku nyingine kwa sababu ya Idi, watapokewa kwa kumbukumbu uliyoiacha.

Nimeshajibiwa mara mbili ninapolisema hili. Jibu moja ni kwamba wao nao wanatudhulumu: wanapanga mitihani Ijumaa mchana, na ahadi za viongozi kwa Waislamu ziko wapi? Dhulma ipo, sibishani. Lakini dawa yake iko wazi katika aya na katika kisa cha Amr bin Abasa. Usiporidhika na sharti, usilitie saini, au andika barua uwarudishie hadharani, au wapeleke mahakamani. Salahuddin alikuwa na hoja nzito zaidi yetu na bado alianza kwa kutuma wajumbe. Kinachokatazwa ni kutabasamu mbele ya dawati, kutia saini, kisha kukata kona.

Jibu la pili ni zito zaidi, na lilitoka kwa mtu ninayemheshimu. Alisema: hali yetu ni dhaifu, sisi ni wachache, dharura inahalalisha. Nikamkumbusha Hudhayfa bin al-Yaman (R.A.), ambaye hadithi yake imo katika Sahih Muslim. Yeye na baba yake walikamatwa njiani na makafiri wa Kikureshi wakiwa wanaelekea Madina. Wakaachiwa kwa kuahidi kwamba hawatapigana pamoja na Mtume (S.A.W.). Ahadi waliitoa wakiwa wamekamatwa, kwa maadui, tena washirikina. Wakafika, wakaeleza. Waislamu walikuwa mia tatu na kidogo, Makureshi karibu elfu moja, na kila mkono ulihitajika. Mtume (S.A.W.) akawaambia warudi Madina: tutawatimizia ahadi yao, na msaada dhidi yao tutauomba kwa Allah. Badr ikapiganwa bila Hudhayfa na baba yake.